Pipi ya halali, mbona imenidhuru?

SWALI: Dada, salaam. Mimi ni Mtanzania, naendesha lori hapa Arkansas. Mwaka jana niliumwa na kupe, baadaye daktari akagundua nina mzio wa alfa-gali, akanikataza ng'ombe, mbuzi na nguruwe. Nimeacha vyote. Juzi nilikula pipi laini zenye nembo ya halali, saa mbili usiku. Saa sita nikaamka mwili mzima mabaka yanawasha, tumbo linakata. Kwani pipi nazo zina nyama?

JIBU: Pole sana, kaka. Karibu nina hakika pipi zile zilikuwa na ng'ombe ndani. Kinachozifanya zinesenese ni gelatini, na gelatini hutokana na ngozi na mifupa ya nguruwe au ng'ombe iliyochemshwa. Nembo ya halali inakuhakikishia kwamba si nguruwe, basi. Ng'ombe aliyechinjwa kwa bismillahi bado ana alfa-gali, ile sukari iliyomo kwenye nyama ambayo mwili wako unaikataa. Dini yako ilisalimika, mwili haukusalimika.

Na kwa kuwa mzio huu huchelewa, muda wa saa 2 hadi 6 baada ya kula, wengi hawaishuku pipi.

Mimi huu ni mwaka wa sita naishi nao, North Carolina. Kila Oktoba 31 binti yangu akirudi na ndoo yake ya Halloween, ile sikukuu ambapo watoto hupita nyumba kwa nyumba kugawiwa pipi, tunaimwaga mezani. Vile vipakiti vidogo mara nyingi havina orodha ya viungo, orodha imebaki kwenye mfuko mkubwa nyumbani kwa mwenye kugawa. Kisicho na orodha sikili, hata kama nimeshakila mara kumi. Mashimelo (marshmallow), zile pipi laini kama pamba, huwa naziweka pembeni bila kusoma, kwa sababu ya gelatini.

Usitegemee onyo la mzio lililoandikwa kwa herufi nzito. Sheria ya Marekani inalazimisha vyakula 9 vitajwe, maziwa, mayai, karanga na vinginevyo, lakini nyama haimo. Soma orodha yote. Ukikuta pektini, shukuru: hiyo hutoka kwenye maganda ya matunda. Gliserini na asidi ya steariki zaweza kuwa za mafuta ya mnyama au za mimea, kwa hiyo piga namba iliyo kwenye pakiti uulize. Karagini nayo inatokana na mwani, kama ule wanaolima akina mama wa Paje, lakini ina alfa-gali na baadhi yetu hutudhuru. Pakiti iliyoandikwa "vegan", yaani haina kitu cha mnyama, inakuepusha na gelatini, ila karagini bado yaweza kuwamo.

Gelatini imo pia kwenye vidonge vya kapsuli, mwambie mfamasia wako.

Lakini usiku ule ulinitia hofu, kaka. Mabaka na tumbo kwa pamoja si jambo la kulala nalo. Rudi kwa daktari wiki hii umwombe sindano ya adrenalini ya kujidunga, na usiiache ndani ya lori juani, joto huiharibu. Tembea nayo.