Baba anakokota maneno tangu kifaa cha ubongoni kiwashwe

Pole. Kama ulimi wa baba ulianza kuwa mzito baada tu ya umeme wa kifaa hicho, kinachochochea ubongo ili kutuliza Parkinson (ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa), kuongezwa, usidhani upasuaji umeharibika. Mara nyingi mkondo wa umeme umevuka sehemu ya ubongo iliyolengwa ukagusa nyuzi za jirani zinazoendesha uso na ulimi. Mtazame akiongea, je, pembe ya mdomo inavutwa upande mmoja? Mwambieni daktari hilo. Anaweza kupunguza miliampea (kipimo cha mkondo wa umeme), kuhamishia umeme kwenye pete nyingine ya waya ulio ubongoni (pete huwa nne au zaidi), au kushusha masafa ya mapigo, ambayo kwa Parkinson huwa karibu hetzi 130, yaani mapigo 130 kwa sekunde. Levodopa, dawa ya Parkinson, asiiache ghafla, ni hatari. Wala kifaa msikizime wenyewe: mtetemeko hurudi upesi, kisha misuli hukakamaa.