Somo lianzie kitandani

Wiki iliyopita mliuliza: "Je, watu wenye afya zao wafundishwe habari za kufa na namna ya kumtunza mgonjwa aliye katika siku zake za mwisho, au huo ni uchuro?" Jibu langu ni kwamba wafundishwe, tena mapema, na somo lianzie kitandani kwa mgonjwa, si kwenye makaratasi ya wosia.

Nasema hivyo kwa sababu ya kijiko. Siku zake nne za mwisho mama alifumba mdomo, akakataa chakula. Mimi na dada yangu tukawa tunapokezana: mmoja anashika kichwa, mwingine anapenyeza kijiko pembeni ya meno. Mama anapaliwa, chakula kinamchuruzika kidevuni, nasi tunamhimiza, "Jikaze mama, usipokula utaponaje?" Hakuna aliyekuwa ametuambia kwamba mwili unaozimika hauna tena kazi na chakula. Mgonjwa wa namna ile hafi kwa kutokula, ameacha kula kwa kuwa anakufa. Ukimlazimisha, chakula kinaweza kuingia mapafuni.

Siku ya tatu alikuja muuguzi. Aliloweka kitambaa safi majini, akakikamua, akampangusa mama midomo na ulimi taratibu, kisha akampaka mafuta kidogo midomo isipasuke. Mama akakinyonya kile kitambaa kama mtoto mchanga. Alikuwa na kiu muda wote ule, sisi tumeng'ang'ana na kijiko.

Mengine tuliyoyajua kwa kuchelewa ni haya. Pumzi huenda mbio, ikasimama hata ukadhani basi, kisha ikaanza tena. Miguu hupoa, magoti yakafanya mabaka. Koo hukoroma kwa mate ambayo mgonjwa hana nguvu ya kuyameza. Sisi tulidhani anakabwa roho, kumbe mara nyingi ukimgeuza ubavu mkoromo hupungua, na yeye mwenyewe kwa kawaida hausikii kama anavyousikia aliyeketi pembeni. Aliyeketi kando ya kitanda akijua haya hatapiga mayowe. Atavuta kiti akae.

Halafu kuna mofini, dawa kali ya maumivu. Ukiitaja tu, ndugu wanatazamana kama vile daktari ameleta sumu. Dawa hii imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu orodha ya kwanza ya mwaka 1977. Ikipimwa vizuri na kutolewa kwa saa zake, bila kungoja mgonjwa alie, hutuliza maumivu na haimharakishi mtu kufa. Inafunga choo, hilo kweli, ndiyo maana huandamana na dawa ya kulainisha.

Hata hivyo dawa pekee haikumtosha mama. Wiki kadhaa kabla ya hapo maumivu yalikuwa yametulia, lakini usingizi hauji. Tukaja kugundua ni mdogo wake, waliokuwa hawasemezani kwa miaka. Alipoitwa na wakakaa wawili mlango ukiwa umefungwa, usiku ule mama alilala. Cicely Saunders, aliyefungua hospisi, yaani nyumba ya kuwatunza wanaokaribia kufa, ya St Christopher's jijini London mwaka 1967, alifundisha kwamba maumivu ya anayekufa ni ya mwili, ya moyo, ya jamaa na ya roho kwa pamoja. Yeye mwenyewe alikuwa amesomea uuguzi, ustawi wa jamii na udaktari, kwa hiyo alimwona mgonjwa kutoka pande zote.

Na tiba shufaa, yaani matunzo ya kumpunguzia mgonjwa mahututi maumivu na mateso, si ya siku nne za mwisho tu. Mwaka 2010 ulichapishwa utafiti wa wagonjwa wa saratani ya mapafu iliyokwisha kusambaa: walioanza tiba hiyo mapema walikuwa na nafuu zaidi, na kwa wastani waliishi muda mrefu kuliko wenzao. Watu bado wanaihesabu kuwa ni daktari kukata tamaa.

Makaratasi sina mengi ya kusema. Wosia uandikwe, na ijulikane nani atakusemea ukishindwa kusema. Sheria zake kila nchi ina zake.

Shuleni nilifundishwa kufunga mguu uliovunjika, na mpaka leo sijafunga mguu wa mtu. Wagonjwa wa mwisho nimewauguza wawili. Wa pili alikuwa baba mkwe, na kwake hakuna aliyeshika kijiko.

Wanaosema ni uchuro siwabezi; mwanangu wa kwanza ni mmoja wao. Nilipowaeleza wanangu ninavyotaka nitunzwe, alinyanyuka akatoka nje. Mdogo wake alibaki, akauliza, "Sasa ukiwa huwezi kuongea, nitajuaje kama unaumwa?" Nikamwambia atazame kipaji cha uso kama kimekunjamana, na asikilize kama naguna anaponigeuza. Akanikunjia uso wake: "Hivi?" Nikamwambia ndiyo, hivyo hivyo.