Wi-Fi imetoweka baada ya kusasisha Ubuntu

SWALI: Laptopu yangu ina mfumo endeshi wa Ubuntu 24.04 na chipu ya Wi-Fi BCM43142. Juzi nilikubali masasisho, nikaizima na kuiwasha. Sasa hakuna mtandao hata mmoja unaoonekana, na sehemu ya Wi-Fi haipo kabisa kwenye mipangilio. Fundi anasema kadi imeungua. Ninunue nyingine?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Usinunue kwanza. Kadi kuungua siku ileile ya masasisho ni nadra mno. Washa mashine huku ukibonyeza Esc, menyu ya GRUB (ya kuchagua namna ya kuwasha mfumo) itokee (kwenye laptopu za zamani ni kushikilia Shift). Ingia Advanced options, chagua kerneli (kiini cha mfumo) iliyotangulia. Wi-Fi ikirudi, kadi ni nzima. Mgonjwa ni draiva, yaani programu inayoiwezesha mashine kuitumia kadi.

Chipu hiyo hutumia draiva iitwayo wl, ambayo haimo ndani ya kerneli. Programu iitwayo DKMS huijenga upya kila kerneli mpya inapoingia, na kwa kazi hiyo inahitaji kifurushi cha linux-headers cha toleo hilohilo. Kikikosekana, draiva haijengwi.

Rudi kwenye kerneli mpya. Wengi hukosea hapa: wanatoa amri wakiwa kwenye ya zamani, kisha wanashangaa hakijabadilika kitu. Intaneti chukua kwenye simu kwa waya wa USB, ukiwasha USB tethering. Halafu fungua Terminal (dirisha la kuandikia amri), uandike:

sudo apt update
sudo apt install linux-headers-$(uname -r)
sudo apt install --reinstall bcmwl-kernel-source
sudo modprobe wl

Amri ya mwisho ikijibu "Key was rejected by service", draiva imejengwa lakini Secure Boot (ulinzi unaokagua saini za programu mashine inapowaka) haiutambui ufunguo uliotia saini. Andika:

sudo mokutil --import /var/lib/shim-signed/mok/MOK.der

Tunga nenosiri la muda, washa upya. Skrini ya buluu itakusubiri sekunde 10 tu, kwa hiyo usiende kupika chai. Bonyeza kitufe chochote, chagua Enroll MOK, weka nenosiri lile.

Ujenzi wenyewe ukigoma, soma make.log ndani ya /var/lib/dkms/bcmwl. Makosa ya kukompaili (kugeuza msimbo kuwa programu) yaliyojaa humo kwa kawaida yana maana kwamba msimbo wa wl haujarekebishwa kuendana na kerneli hiyo. Endelea na ya zamani, na uizuie isifutwe kwa sudo apt-mark hold ikifuatiwa na jina la kifurushi chake cha linux-image na cha linux-modules.