Miguu kuisha nguvu baada ya mafua makali: yaliyonikuta mimi

Pole sana dada. Umesema mumeo alitoka kwenye mafua makali, sasa wiki ya pili miguu yote imekufa ganzi. Shemeji zako wanasema kiharusi, mama mkwe anasema kuna mkono wa mtu. Mimi niliambiwa vyote viwili.

Ni fundi cherehani. Siku moja nakanyaga pedeli, mguu unachelewa kuitika. Nikainuka kwenda chooni, mteja akaniita: "Fundi, umeacha ndala." Ilikuwa imevuka mguuni wala sikuhisi. Mafua yenyewe yalishapona siku kumi nyuma, hata sikuyataja zahanati. Nikadungwa vitamini, nikarudi kulala. Siku ya tatu ngazi zikanishinda, ya nne kifungo cha shati. Hospitali kubwa daktari akagonga goti kwa kinyundo, kimya. La pili, kimya. Akasema ni ugonjwa wa Guillain-Barré.

Alivyonieleza, kinga ya mwili ikishapigana na kirusi wakati mwingine humkosea adui, ikaanza kuushambulia utando wa mishipa ya fahamu. Kiharusi mara nyingi hushika upande mmoja, ghafla. Huu huanzia miguu yote miwili, ukapanda. Walinitoa maji ya uti wa mgongo: protini juu, chembe nyeupe za damu kawaida. Alama hiyohiyo madaktari wa Ufaransa waliiona mwaka 1916 kwa wanajeshi wawili.

Cha kuogopa ni pumzi. Nesi alikuwa ananiambia nivute pumzi moja, nihesabu kwa sauti mpaka iishe. Jioni nilifika 31. Alfajiri 17, na alfajiri ileile wakanihamishia kwa mahututi. Nikawekewa dripu ya immunoglobulini, yaani kingamwili za watu wenye afya, siku 5 (bei yake ni ya kuuza kiwanja, ulizia bima mapema). Njia nyingine ni kusafishwa damu kwa mashine, kuondoa kingamwili zinazoshambulia mishipa. Steroidi, dawa za kutuliza kinga ya mwili, alizozisifia jirani yangu hazisaidii ugonjwa huu.

Sijui kama mumeo anao, mimi si daktari. Ila mpeleke leo, si kesho, penye mashine ya kupumulia, na neno la kwanza kumwambia daktari liwe mafua. Akianza kupaliwa na maji au sauti kufifia, msisubiri hata daladala.

Wengi wanatembea tena. Mimi nilirudi kwenye cherehani mwezi wa saba tangu niugue, ila ndala ya kushoto mpaka leo naifunga mpira kwa nyuma.