Chake hadi Mkoani kwa baiskeli, kusi likivuma

Ndugu yangu, umeuliza kama kwenda Mkoani na kurudi Chake siku moja kunawezekana mwezi wa Julai. Kunawezekana, ila toka mara baada ya sala ya alfajiri. Kusi, upepo wa kutoka kusini, huwa pole asubuhi, jua likipanda linakaza. Njia ni kama kilomita 30 kwenda tu, na uzuri wake ni kwamba upepo unakutana nao mwanzo, miguu ikiwa mizima, kurudi unakusukuma.

Kwenye vilima tia gia nyepesi kabla ya mlima kuanza. Ukibadilisha katikati huku unakandamiza pedali, mnyororo unaruka au unakatika. Mwendo usiutazame; shika nguvu ile ile, hata ukienda kama mtu anayetembea.

Hatari hasa iko penye uwazi, mikarafuu inapokatika. Ukielekea Mkoani, kusi hukupiga kushoto na kukusogeza katikati ya barabara, kwenye gari. Kwa hiyo inama, kunja viwiko, usukani usiukamate kwa kuukaza. Mwavuli au mzigo mpana nyuma, acha nyumbani.

Kurudi, mteremko na upepo vinajumlika. Funga breki zote mbili kabla ya kona, si ndani yake, na kagua mipira ya breki jana yake. Tairi za milimita 25, zijaze upepo wa PSI 80, inatosha. Maji lita 2. Na msimu wa karafuu, tafadhali, angalia majamvi yaliyoanikwa pembeni.