Ukizoea vitabu vya ufundi, riwaya za kifantasia zisikutishe

Wasomaji wengi huku Lamu huanzia kwenye vitabu vya kazi za mikono: uvuvi wa mshipi, ufumaji, mapishi, bustani. Ni mwanzo mzuri, wala si usomaji wa daraja la pili. Wakitaka kuhamia riwaya za kifantasia, zile za uchawi na nchi za kubuni, hukwama kwa sababu huzisoma kwa mwendo uleule.

Kitabu cha ufundi chagua kazi moja tu, usome hatua zake zote kabla hujagusa kitu. Wengi huanza hatua ya kwanza, kumbe ya nne ndiyo inayosema unga ulale usiku kucha. Kwa mafundo ya uvuvi usianze na nailoni nyembamba. Chukua kamba nene ya mita moja, iweke kando ya picha, uangalie ncha inapita juu au chini. Ukiweza kufunga fundo bila kutazama, hamia nailoni, na uilowanishe kabla ya kukaza. Ikikazwa kavu, msuguano huipasha moto, nguvu zikapungua, na samaki wa kwanza mzito akaondoka na ndoana.

Kisha tazama kitabu kilichapishwa wapi. Painti ya Uingereza ni mililita 568, ya Marekani ni 473. Joto la 350 la Fahrenheit ni kama 177 za Selsiasi. Kwenye ufumaji wa kulabu mambo ni mabaya zaidi: jina lilelile la mshono lina maana moja kwa Waingereza na nyingine kwa Wamarekani, ndipo kofia ya mtoto inapomtosha baba yake. Na kitabu cha bustani cha Ulaya kikikupa miezi ya kupanda, achana nayo, ngoja masika.

Sasa fantasia. Aliyezoea kuelewa kila neno ndipo aendelee atachoka ukurasa wa tano, maana huku mwandishi huficha mambo kwa makusudi. Usirudi nyuma, wala usikimbilie orodha ya maneno iliyo mwishoni. Soma kurasa 50 kwa vikao viwili au vitatu, na kipande cha karatasi kikiwa ndani: jina la mtu, kwao wapi, anataka nini. Majina sita yatosha kwa kuanzia. Ramani ya nchi hiyo ya kubuni, kama ipo, iache mpaka safari ianze. Kurasa 50 zikiisha na hakuna hata mmoja unayetaka kujua mwisho wake, kifunge, huna deni.

Msomaji wa ufundi ana faida moja kubwa: amezoea kuuliza masharti. Uchawi ulioandikwa vizuri una masharti, nani anauweza, kwa kitu gani, na unamgharimu nini. Fumo Liyongo, ambaye Muhamadi Kijumwa wa hapa Lamu alimtungia utenzi mwaka 1913, hadhuriki ila kwa sindano ya shaba kitovuni. Hila ya maadui zake, na usaliti wa mwanawe mwenyewe, vyote vinatokana na sharti hilo. Mwandishi anayebuni sharti jipya sura ya mwisho ili kumwokoa shujaa, mimi humpa mgongo.

Ukitaka daraja la katikati, Kusadikika ya Shaaban Robert (1951) ni fupi na nchi yake iko angani, ingawa sehemu kubwa ni kesi mahakamani. Mpenda mapigano atapiga miayo. Baada yake jaribu Walenisi ya Katama Mkangi (1995). Misululu mirefu ya kigeni nunua juzuu ya kwanza peke yake, na uulize kwanza kama mwandishi ameumaliza.

Juzuu nene hizo zisiegemee ukuta wa mawe, hasa ndani ya vidaka, yaani vishubaka vya ukutani. Acha nafasi ya vidole viwili hewa ipite. Zikipata unyevu usizifunge kwenye mfuko wa plastiki, ukungu utazidi. Zisimamishe kivulini kurasa zikiwa wazi. Jua kali hukausha gundi na kurasa zikaanza kuchomoka.