London darasani Wete

Swali: Assalaamu alaykum Bi Mwalimu. Nasomesha Kiingereza darasa la tano, hapa Wete, Pemba. Mada ni London, lakini watoto wanakariri majina tu. Nifanyeje?

Jibu: Waalaykum salaam mwanangu. Majina yaache kwanza. Anza na Tower Bridge, daraja la mto Thames lililofunguliwa 1894: hugawika katikati, pande mbili zikanyanyuka meli ipite. Watoto wa Wete vyombo vya baharini wanavijua! Wasimamishe wawili wawili, mikono iwe daraja, mwengine awe jahazi. Daraja liseme “The bridge is opening”, jahazi lijibu “Thank you, I am coming”. Wabadilishane mpaka kila mmoja aseme, hasa wale wanaokaa nyuma kimya. Treni za chini ya ardhi, za tangu 1863, zisubiri. Siku ya kuzisomesha, kwanza wachoree treni ubaoni, kubwa, maana huku Pemba hatuna treni.